Timu Inayosahau

Tarehe 21 Mei 2023, katika uwanja wa Twickenham jijini London, Kanada iliilaza Kenya alama 12 kwa 7, na kwa mechi hiyo moja ya dakika kumi na nne Shujaa, timu ya taifa ya raga ya wachezaji saba kila upande, ikashushwa kutoka Raga ya Dunia, msururu wa duru za kila msimu, ambako ilikuwa imekaa takriban miaka ishirini. Alama tano ni trai moja. Mtu anaweza kusema ilikuwa bahati mbaya, na kwa mechi moja angekuwa na haki, maana raga ya saba ina ukatili huo: mpira ukidunda vibaya mara moja tu, siku nzima imeharibika. Lakini bahati mbaya haina ratiba, na ya Shujaa inayo. Mwaka 2013 timu ilimaliza msimu ikiwa ya 5 duniani na kufika nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Moscow. Msimu wa 2014-15 ilikuwa ya 13. Aprili 2016 ilitwaa taji la Singapore. Agosti mwaka huohuo ikamaliza ya 11 kati ya timu 12 kwenye Olimpiki ya Rio. Mwaka 2018 ilicheza fainali mbili, Vancouver na Hong Kong. Msimu uliofuata iliponea chupuchupu kushuka daraja. Timu dhaifu haiendi hivi. Timu dhaifu hukaa chini, watu wakaizoea, wakaacha hata kuiuliza maswali. Hii hupanda mpaka ikawafunga mabingwa, kisha huporomoka wakati ambapo kila mtu anatarajia ipande zaidi.

Hoja yangu ni kwamba Shujaa haikosi vipaji, wala haikosi moyo. Inachokosa ni kumbukumbu. Raga ya saba ni mchezo wa watu waliozoeana, na mazoea hayo hukaa vichwani na miguuni mwa wachezaji kumi na watano hivi, si katika faili la ofisi yoyote ya Shirikisho la Raga Kenya kwenye barabara ya Ngong. Watu hao wakitawanyika, timu husahau ilichokijua na kuanza darasa la kwanza upya. Na tukiufuatilia mpangilio wa miaka, tutaona kwamba kutawanyika huko hakuji kiholela. Huja baada ya mafanikio, na kwa kiasi kikubwa huletwa na mafanikio yenyewe.

Kwanza tuutazame mchezo kwa karibu, kwa sababu wengi wetu huutazama kama mbio za watu wenye kasi wakimpa mpira aliye na kasi kuwashinda wote. Uwanja ni uleule wa raga ya wachezaji kumi na watano, mita mia moja kwa sabini, ila wanaoulinda ni saba. Kila mmoja ana kama mita kumi za kukaba, na anayetoka mbele nusu hatua kabla ya wenzake amefungua lango. Halafu kuna kanuni ambayo mtazamaji mgeni huipuuza: katika raga ya saba, timu iliyofunga ndiyo inayoanzisha mpira tena. Maana yake ni kwamba timu inayojua kuupokonya mpira wake yenyewe inaweza kufunga trai mbili, hata tatu, wapinzani wakiwa hawajaugusa. Sasa mtazame mpigaji pale katikati. Anauangusha mpira, unagusa nyasi, anaupiga ukiwa ndio kwanza unainuka. Usipofika mita kumi, wapinzani wanapewa mpira palepale. Ukienda mbali mno, wanaudaka kwa raha zao. Unatakiwa uelee hewani muda wa kutosha tu kwa mrukaji kufika, kuruka na kuupangua kwa mkono mmoja, na mtu wa tatu awe ameshakimbilia mahali utakapoangukia. Mtu huyo wa tatu huanza kukimbia kabla ya kujua mpira utapanguliwa upande gani, kwa sababu anamjua mrukaji wake. Ni maelewano ya dereva wa matatu na kondakta wake: kofi moja kwenye bodi, na mwenye usukani anajua kama ni kusimama au kuondoka. Kipaji ni sehemu ndogo ya jambo hili. Wachukue wanariadha saba bora wa taifa lolote, wape mwezi mmoja, hawataliweza.

Kizazi kilichoipa Kenya sifa kililiweza kwa sababu kilipewa muda. Benjamin Ayimba aliinoa timu kwa miaka kadhaa kuanzia katikati ya muongo wa 2000, na wachezaji aliowakuza wakabaki pamoja. Mwaka 2009 matunda yakaonekana: fainali ya duru ya Adelaide dhidi ya Afrika Kusini, na kabla yake Kombe la Dunia mjini Dubai, ambako Fiji ilipigwa 26 kwa 7 katika robo fainali kabla ya Argentina kuisimamisha Kenya kwa 12 kwa bila. Katika kikosi hicho walikuwemo Humphrey Kayange na Collins Injera, ndugu wa tumbo moja, waliocheza pamoja miaka nenda miaka rudi. (Huo ulikuwa mwendelezo ambao shirikisho halikuulipia hata senti.) Injera aliendelea hadi Mei 2016 alipokuwa mfungaji wa trai nyingi zaidi katika historia ya Raga ya Dunia, na mwezi mmoja kabla ya hapo alikuwa uwanjani Singapore, tarehe 17 Aprili, Kenya ilipoichapa Fiji 30 kwa 7 na kutwaa taji lake la kwanza la duru. Kocha siku hiyo alikuwa Ayimba yuleyule, aliyerudishwa. Kati ya Dubai na Singapore ni miaka saba. Watu husema Singapore ilikuwa muujiza. Mimi naiona kama riba ya akiba iliyowekwa muongo mmoja nyuma.

Hapa msomaji makini atanikatiza, na pingamizi lake ni zito kuliko yote. Kama mwendelezo ndio siri, mbona mafanikio makubwa ya Kenya yalikuja mara tu baada ya kocha kubadilishwa? Mike Friday, Mwingereza, alifika 2012 na ndani ya msimu mmoja Kenya ikawa ya 5 duniani, ikafika fainali ya Wellington na kuipeleka Uingereza muda wa ziada kabla ya kufungwa 24 kwa 19. Ayimba alirudi, na msimu haukuisha kabla ya taji kuja. Si ushahidi kwamba damu mpya ndiyo dawa? Ungekuwa ushahidi kama makocha hao wangeanza na wachezaji wapya. Hawakuanza hivyo. Friday alikuta watu waliokwisha kucheza pamoja miaka sita au saba, akawanoa makali; Ayimba alirudi kwa vijana ambao baadhi yao aliwalea mwenyewe. Kocha mgeni anaweza kukipa kikosi kilichokomaa mbinu mpya na kikazishika haraka, kwa kuwa tayari kina lugha ya pamoja ya kuzipokelea. Kinachoonekana katika rekodi ni kwamba Shujaa wanaweza kuvumilia mabadiliko ya kocha ilimradi uti wa mgongo wa wachezaji ubaki. Wasichoweza kuvumilia ni mabadiliko ya vyote viwili kwa pamoja.

Na hata uvumilivu huo una gharama. Friday aliondoka 2013 baada ya mwaka mmoja hivi. Akaenda Marekani, akakaa huko kuanzia 2014 hadi 2024, na msimu wa 2018-19 akaifikisha Marekani, nchi isiyo na jina katika raga, nafasi ya 2 duniani. Nafasi yake Kenya ilichukuliwa na Paul Treu, aliyekuwa ameiongoza Afrika Kusini tangu 2004 na kuipa ubingwa wa dunia wa msimu wa 2008-09. Afrika Kusini ilimvumilia karibu miaka kumi. Kenya alidumu mwaka mmoja. Aliyemrithi kule, Neil Powell, alikaa kuanzia 2013 hadi 2022 na kuongeza mataji ya misimu ya 2016-17 na 2017-18. Katika kipindi hichohicho benchi la Kenya lilipitiwa na Treu, Felix Ochieng, Ayimba, Innocent Simiyu, Paul Murunga, Paul Feeney kutoka New Zealand, Simiyu tena, na Damian McGrath kutoka Uingereza. Mabishano ya Nairobi kuhusu kama kocha awe mzalendo au mzungu hayana uzito wowote yakiwekwa mbele ya orodha hii. Mgeni amefaulu na mgeni amefeli. Mwenyeji amefaulu na mwenyeji amefeli. Friday na Treu ni wawili kati ya makocha bora wa kizazi chao, na wote wawili walijenga timu bora zao mahali pengine.

Jaribio safi kuliko yote ni lile la 2018, na linastahili kuelezwa kwa utulivu. Msimu wa 2017-18 chini ya Simiyu ulikuwa mzuri: fainali mbili mfululizo, zote dhidi ya Fiji, na nafasi ya 8 mwishoni. Mapema mwaka huo kampuni ya kamari ya SportPesa ilikuwa imejiondoa katika udhamini wa michezo nchini baada ya serikali kupandisha kodi ya kamari hadi asilimia 35, na pengo likazibwa na shirika la serikali, Brand Kenya. Juni, katika duru ya Paris, wachezaji waliingia uwanjani wakiwa wameliziba jina la mdhamini kwenye jezi zao, wakilalamikia marupurupu waliyosema hawajalipwa. Kelele zilizofuata zilikuwa za uzalendo na utovu wa nidhamu, na zilidumu wiki kadhaa. Lililodumu zaidi ni lililotokea kimyakimya baadaye. Kabla ya msimu mpya Simiyu hakuwepo tena, na wachezaji wengi wazoefu hawakukubali mikataba ya malipo yaliyopunguzwa. Murunga akapewa vijana, wengi wao wakiwa hawajawahi kusikia kelele za uwanja wa Dubai au Hong Kong, akaambiwa acheze na Fiji. Safari hii kocha na uti wa mgongo viliondoka pamoja, na matokeo yakawa kama mtu angeyaandika mapema: Japan ilishuka daraja, Kenya ikabaki kwa tofauti ndogo. Si kwamba vijana wale walikosa kipaji. Baadhi yao ndio waliokuja kuibeba timu miaka iliyofuata. Walikosa miaka.

Kwa nini basi kutawanyika kunakuja baada ya kilele? Kwa sababu ushindi hubadilisha thamani ya mchezaji bila kubadilisha mfuko wa mwajiri. Mchezaji aliyecheza fainali mbili ana haki ya kuomba zaidi, na kila mtu mtaani anamwambia aombe. Lakini taji la duru moja haliliingizii Shirikisho la Raga Kenya fedha za kukidhi ombi hilo; fedha hutoka kwa mdhamini, na mdhamini anaweza kujiondoa kabla ya wakati, akiangalia bajeti yake na kodi zake. Mkataba wa mchezaji hauwezi kuwa mrefu kuliko mkataba wa anayeulipia. Kwa hiyo kila mwisho wa msimu mezani huketi pande mbili ambazo zote zina hoja: mmoja anadai thamani yake, mwingine hana cha kutoa. Maofisa wa shirikisho wamefanya makosa yao, lakini anayedhani tatizo litaisha kwa kuwabadilisha maofisa hajauangalia muundo. Tangu 2013 wamebadilika mara kadhaa. Mzozo wa mikataba haujabadilika.

Lakini hapo ndipo wa fedha wanaponidaka. Wanasema: basi tatizo ni umaskini tu, mengine ni maneno. Nawajibu kwa Fiji. Ben Ryan alipoanza kazi huko 2013, shirikisho la Fiji lilikuwa hoi kifedha kiasi kwamba miezi ya mwanzo alifanya kazi bila mshahara. Alibaki. Fiji ikatwaa ubingwa wa dunia 2015 na 2016, na dhahabu ya kwanza ya Olimpiki katika mchezo huu kwa kuifunga Uingereza 43 kwa 7. Ni kweli Fiji ina kitu ambacho Kenya haina: kijiji ambacho watoto wake hurushiana chupa ya plastiki kama mpira tangu wanapoanza kutembea, hivyo lugha ya pamoja ninayoizungumzia wanazaliwa nayo. Kenya haiwezi kuikopa. Wachezaji wetu wengi wanaukuta mpira wa raga sekondari, wakapitia klabu kama KCB, Kabras au Mwamba, na msimu wa klabu wenyewe ni wa raga ya kumi na tano kwa sehemu kubwa ya mwaka. Duru za kitaifa za saba, kama Prinsloo ya Nakuru na Driftwood ya Mombasa, huchukua wiki chache. Taifa lisilo na hazina hiyo ya mtaani linahitaji kikosi kinachokaa pamoja kuliko Fiji inavyokihitaji. Umaskini ni ugumu wa wote wawili. Tofauti ni nani anaweza kumudu kusahau.

Wapo pia wanaolaumu miili au starehe. Kuhusu miili, kwamba Mkenya ni mwembamba mno kwa mchezo huu, sitatumia nafasi nyingi. Raga ya saba ndiyo iliyompa Injera rekodi, na aliyemtazama Willy Ambaka akiwa na mpira na nafasi mbele yake hakuona mwembamba yeyote. Kuhusu starehe za usiku za Nairobi, swali linatosha: kijana aliyekuwa na nidhamu Aprili ameipotezea wapi Agosti, na kwa nini wote wameipoteza mwezi mmoja?

Rio, hata hivyo, inanipa shida, na sitajifanya hainipi. Miezi minne baada ya Singapore, kocha alikuwa yuleyule na uti wa mgongo uleule, lakini Kenya ilifungwa mechi zote tatu za kundi, na Uingereza, New Zealand na Japan. Fiji waliyoichapa kwa tofauti ya alama 23 ndiyo iliyoondoka na dhahabu. Kwa nadharia yangu hii haikupaswa kutokea. Ninachoweza kusema ni kwamba mashindano ya siku tatu ni sampuli ndogo, na kwamba kikosi kinachocheza pamoja hupandisha wastani wake bila kujilinda na wiki mbaya. Lakini tazama kilichofuata: wiki hiyo mbaya ilichukuliwa kama hukumu, na Ayimba akaondolewa. Afrika Kusini ilikwenda Rio ikiwa miongoni mwa waliopewa nafasi ya dhahabu, ikarudi na shaba. Powell akabaki, na misimu miwili iliyofuata ikawa yake. Ayimba alifariki Mei 2021, akiwa ameipa Kenya nusu fainali ya dunia na taji lake pekee la duru, na mara zote mbili kazi yake ilikatizwa.

Pingamizi la mwisho ni la haki zaidi. Kushuka kwa 2023, wengine wanasema, kulisababishwa na kanuni: waendeshaji wa mchezo duniani walikuwa wanapunguza timu kutoka 16 hadi 12, na katika mfumo wa zamani Kenya ingebaki. Ni kweli mlango ulikuwa mwembamba mwaka ule. Lakini nchi zote zilijua mapema kwamba ungekuwa mwembamba, na Kenya ilifika mlangoni ikiwa imepoteza nguzo zake: baada ya Olimpiki ya Tokyo, ambako ilimaliza ya 9, kizazi cha Andrew Amonde na Injera kilikuwa kimestaafu, Simiyu akaondoka 2022, na McGrath akapewa mwaka mmoja kujenga upya. Kocha na uti wa mgongo, vyote kwa pamoja, kama 2018. Tofauti ni kwamba safari hii kushuka kwa timu moja nyingine kusingetosha kutuokoa.

Kevin Wambua alikabidhiwa timu ikiwa chini. Septemba 2023 mjini Harare aliwafunga Afrika Kusini 17 kwa 12 na kuipata tiketi ya Olimpiki ya Paris. Juni 2024 mjini Madrid Kenya iliichapa Ujerumani 33 kwa 15 na kurudi katika ngazi ya juu. Aprili 2025 ikacheza fainali ya duru dhidi ya Fiji na kufungwa 21 kwa 12. Kisha mfumo ukabadilishwa tena, ngazi ya juu ikabakiwa na timu nane tu kwa msimu wa 2025-26, na Kenya ikajikuta katika ngazi ya pili. Mwenye kutaka kukata tamaa ana sababu. Lakini kwa hoja ya sura hii, daraja si jambo la kwanza la kuangalia. La kwanza ni orodha ya majina. Chukua kikosi kilichocheza fainali ile ya 2025 na ukiweke pembeni mpaka Olimpiki ya Los Angeles ya 2028. Kama theluthi mbili ya majina hayo na benchi lake bado vipo, na Kenya bado inafungwa na timu isizopaswa kufungwa nazo, basi nimekosea, na wale wa miili na starehe watakuwa na haki ya kurudi na hoja zao. Kama majina hayapo, hatutakuwa tumejaribu chochote.